Lawren Harris: mchoraji aliyeondoa watu mlimani

Ukiitazama tablo ya Mount Lefroy, iliyochorwa na Mkanada Lawren Harris mwaka 1930, huwezi kusema ni saa ngapi. Kilele kinang'aa kwa theluji kama cha adhuhuri, lakini miamba iliyo chini yake ina buluu iliyokaribia weusi, na jua halionekani popote. Hakuna mti, hakuna ndege, hakuna nyayo. Mteremko umekuwa pembetatu, theluji imekuwa mikunjo michache iliyonyooka, na mawingu yamekuwa tabaka za mwanga zinazoizunguka ncha. Mlima wenyewe upo kweli, mpakani mwa majimbo ya Alberta na British Columbia, ila mtu aliyewahi kuupanda angesema mchoraji ameurefusha na kuunoa.

Harris aliishi miaka 84. Ukiyafuata maisha yake utaona kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa. Aliondoa majani, kisha miti, kisha watu, kisha sahihi yake mwenyewe, na mwishoni akauondoa hata mlima, yakabaki maumbo ya kijiometri. Maisha hayo yana sababu ya kusimuliwa katika jarida la kitivo cha lugha, kwani kuondoa ndiyo kazi yetu pia. Tunapotafuta kanuni ya lugha tunaacha kando kikohozi cha msemaji, haraka yake, umri wake na kijiji chake, hadi libaki umbo. Wachoraji huyaita matokeo hayo sanaa dhahania. Sisi tunayaita sarufi.

Lawren Stewart Harris alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1885 katika mji wa Brantford, jimbo la Ontario. Mji huo umepewa jina la Joseph Brant, kiongozi wa Wamohawk aliyewaongoza watu wake hadi bonde la Grand River baada ya vita vya uhuru wa Marekani. Yaani hata jina la mahali alipozaliwa lilikuwa na watu ndani yake, watu ambao baadaye hatutawaona katika tablo zake. Ukoo wa Harris ulitengeneza mashine za kilimo, na mwaka 1891 kampuni yao iliungana na ya ukoo wa Massey ikawa Massey-Harris. Baba alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa hajatimiza miaka 9, na mama akahamia Toronto pamoja na wanawe wawili. Urithi ule uliamua mengi. Wenzake wengi walichora matangazo mchana ili wapate chakula, na walichora tablo zao Jumapili. Harris hakuwahi kuuza tablo kwa sababu ya njaa. Mtu wa namna hiyo anaweza kumwondolea mnunuzi kila anachokipenda bila kuogopa.

Alisoma mwaka mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Toronto. Inasimuliwa kwamba mwalimu wa hisabati aliyaona madaftari yake yamejaa michoro, akamshauri mama ampeleke kusomea sanaa. Mwaka 1904 kijana alikwenda Berlin, ambako miongoni mwa walimu wake alikuwa Franz Skarbina, mchoraji wa mitaa na nyumba za jiji. Kisha alisafiri Mashariki ya Kati pamoja na mwandishi Norman Duncan, akichora picha za jarida la Harper's. Aliporudi Toronto mwaka 1908 hakuanza na milima. Alianza na nyumba za maskini katika mtaa uliojulikana kama the Ward, walikokaa wahamiaji: kuta zilizobanduka rangi, theluji chafu, kamba za nguo. Mwaka 1910 alimwoa Beatrice Phillips, wakapata watoto watatu.

Mwezi Januari 1913, Harris na rafiki yake J. E. H. MacDonald walivuka mpaka hadi Buffalo, Marekani, kuona maonyesho ya wachoraji wa Skandinavia. Miongoni mwa walioonyeshwa alikuwa Mnorwe Harald Sohlberg, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akihangaika na mada moja: milima ya Rondane usiku wa majira ya baridi, yote buluu, na nyota moja juu yake. Tablo yake kubwa ya mada hiyo aliimaliza mwaka 1914. Wakanada wale wawili walitambua theluji, misonobari na baridi yao wenyewe, lakini walikuta mambo hayo yamepangwa kwa namna ambayo shule za Ulaya walizozijua hazikuwafundisha. Walirudi nyumbani wakiamini kwamba kaskazini inaweza kuchorwa na watu wa kaskazini, kwa lugha yao ya rangi.

Mwaka uliofuata Harris, akisaidiana na daktari wa macho James MacCallum, alijenga jengo la studio mjini Toronto ili wachoraji wapate mahali pa kufanyia kazi kwa kodi nafuu. Tom Thomson, aliyekuwa na kipaji kikubwa kati yao, aliishi katika kibanda nyuma ya jengo hilo. Mwezi Julai 1917 Thomson alikufa katika ziwa Canoe. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1918, Howard, ndugu pekee wa Harris, aliuawa vitani Ulaya. Harris mwenyewe alikuwa jeshini nchini Kanada. Akili na mwili vilimshinda, akaruhusiwa kuondoka mwaka huohuo kwa sababu za afya.

Aliyemponya, kama kuna aliyemponya, ni msitu. Tangu mwaka 1918 alianza kuwapeleka wenzake Algoma, kaskazini mwa Ontario. Walikodi behewa la mizigo, wakaliwekea vitanda na jiko, na reli ikawa inaliacha porini, mahali baada ya mahali, wachore. Tarehe 7 Mei 1920 walifungua maonyesho yao ya kwanza Toronto wakijiita Kundi la Saba: Harris, MacDonald, A. Y. Jackson, Arthur Lismer, Frank Johnston, Franklin Carmichael na F. H. Varley. Picha za Algoma bado zilijaa majani mekundu na maporomoko ya maji. Rangi ziliwekwa nzito, mkono ukionekana.

Kuondoa kulianza kwenye ufukwe wa kaskazini wa ziwa Superior, ambako Harris na Jackson walifika mwaka 1921. Moto ulikuwa umepita katika sehemu za nchi hiyo. Miti ilisimama kama nguzo, na nyuma yake kulikuwa na maji, anga na vilima vya mviringo. Harris alikuwa amepewa na moto sarufi iliyo tayari. Akapunguza rangi, akalainisha brashi hadi alama za mkono zikapotea, akaacha shina moja mahali ambapo zamani angechora msitu. Katika tablo ya mwaka 1926 ya ufukwe huo, kisiki kikuukuu kimesimama mbele ya ziwa kikipokea mwanga kutoka juu, kama mzee aliyebaki peke yake uwanjani.

Hapa inafaa kutaja imani yake, kwa sababu bila hiyo maumbo hayaeleweki. Mwaka 1924 Harris alijiunga na chama cha teosofia cha Toronto. Teosofia, iliyoanzishwa New York mwaka 1875, ilifundisha kwamba nyuma ya vitu tunavyoviona kuna uhalisi mwingine wa kiroho, na kwamba rangi na maumbo yanaweza kuubeba. Kwa Harris, kaskazini ilikuwa chemchemi ya nguvu hiyo, na baridi yake ilisafisha. Basi alipoondoa jani, hakuona kwamba anaupunguza ukweli, bali kwamba anausogelea. Katikati ya miaka hiyo ya 1920 aliacha pia kutia sahihi na tarehe kwenye tablo zake, ili mtazamaji aihukumu kazi yenyewe bila kutishwa na jina la mwenyewe. Wanahistoria wa sanaa wanalipa gharama hadi leo: tarehe za kazi zake nyingi zimeandikwa kwa makadirio.

Mwaka huohuo wa 1924 alifika na Jackson katika milima ya Rocky, eneo la Jasper, na kwa miaka kadhaa akawa anarudi milimani kila kiangazi. Alitembea kwa siku nyingi akibeba vibao vidogo, akichora palepale. Tablo kubwa alizifanya baadaye, Toronto, mbali na mlima, mara nyingine miaka kadhaa imepita. Umbali huo ulikuwa sehemu ya mbinu: kumbukumbu ilimsaidia kutupa. Kibao cha mlimani kilikuwa bado na hali ya hewa na saa ya siku. Kwenye turubai ya studio, saa iliondoka. Anga likawa zito, bonde likawa giza, na mwanga ukaanza kutoka mlimani badala ya kuangukia mlimani. Ndiyo maana milima yake inatukumbusha usiku hata pale ambapo hakuna mwezi wala nyota. Usiku hufanya vivyo hivyo kwa mlima wowote: hufuta miti, njia na vijumba, ukabaki mstari mmoja kati ya uzito na anga. Harris aliufanya usiku huo kwa brashi.

Kuna tablo moja ya wakati huo inayotuzuia kumwona kama mtu aliyekimbilia juu kwa sababu hakuwa na habari za chini. Mwaka 1925 alikwenda Cape Breton, mashariki ya mbali ya Kanada, ambako wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa katika mgomo na familia zao zikiona njaa. Alichora kwa wino mama aliyekonda na watoto wake, na mchoro ule ulichapishwa katika jarida la Canadian Forum. Kisha alifanya tablo ya nyumba za wachimbaji wa Glace Bay. Nyumba zimepangwa mistari miwili kama makaburi, zote za umbo moja, chini ya anga jeusi linalopasuka kwa mwanga. Ni jiometri ileile ya milima, na ni giza lilelile. Lakini pale Glace Bay umbo lililorudiwa lina maana ya mtaa uliojengwa na kampuni, ambamo kila mlango ni sawa na mwingine kwa sababu aliyeujenga hakuuliza nani ataishi ndani. Wachimbaji wenyewe hawaonekani. Hata hivyo, kutoonekana kwao kunasema jambo. Tunajua wako ndani, tunajua wana njaa.

Je, milimani kutoonekana kwa watu kunasema nini? Swali hili ndilo linalofanya maisha ya Harris yajadiliwe hadi sasa. Ufukwe wa ziwa Superior ulikuwa na bado ni nchi ya Waojibwe. Jasper ilifanywa hifadhi mwaka 1907, na miaka michache baadaye, kabla Harris hajafika, serikali iliziondoa familia za Wamétis zilizokuwa zikilima na kufuga katika bonde la mto Athabasca. Mount Lefroy ina jina la John Henry Lefroy, mwanajeshi Mwingereza aliyepima nguvu ya sumaku ya dunia. Harris hakumfukuza mtu yeyote bondeni, na hakuupa mlima huo jina. Ila alifika mahali palipokwisha kuondolewa watu, akapachora kana kwamba hapajawahi kuwa na mtu. Tablo zake zikapendwa, zikatundikwa mashuleni na maofisini, na kizazi kizima cha Wakanada kikajifunza kwamba nchi yao kwa asili ni tupu. Kilichokuwa uamuzi wa serikali kilianza kuonekana kama tabia ya mlima.

Mwaka 1930 Harris na Jackson walipanda meli Beothic, iliyokuwa ikipeleka mahitaji kwenye vituo vya serikali huko Aktiki. Safari ilipita katika makazi ya Wainuit. Jackson alichora mahema na watu. Harris alileta nyumbani vilima vya barafu vinavyoelea: maumbo meupe na ya buluu juu ya maji meusi, kama milima iliyong'olewa ardhini. Watu wawili walikuwa kwenye sitaha moja. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba utupu ule ulikuwa chaguo.

Baada ya Aktiki hakuwa na mahali pengine pa kwenda kaskazini, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kukwama. Kundi la Saba lilivunjika. MacDonald alifariki mwaka 1932. Harris, aliyekuwa amewahimiza wengine, alishindwa kujihimiza. Mmoja wa aliowahimiza alikuwa Emily Carr, mchoraji wa British Columbia. Walikutana Toronto mwaka 1927, wakati Carr alikuwa karibu amekata tamaa ya kuchora, na barua walizoandikiana kwa miaka mingi zilimrudisha kazini. Carr, tofauti na Harris, alikuwa amechora kwa muda mrefu vijiji na nguzo za kuchongwa za watu wa pwani ya magharibi. Inashangaza kwamba ni Harris aliyemsukuma aache nguzo hizo kwa muda na aingie msituni atafute umbo lake mwenyewe.

Mwaka 1934 maisha yake ya nyumbani yalivunjika hadharani. Alimwacha Beatrice, akamwoa Bess Housser, mchoraji na mwenzake katika teosofia, aliyekuwa mke wa Fred Housser, rafiki wa shule wa Harris na mwandishi wa kitabu cha kwanza kuhusu Kundi la Saba. Toronto ilishtuka. Baadhi ya marafiki walifunga milango yao. Wanandoa wapya walihamia Hanover, New Hampshire, ambako mjomba wa Harris alikuwa profesa katika chuo cha Dartmouth, na Harris akakaa chuoni hapo kama mchoraji bila mshahara. Ni pale, akiwa hana nchi yake wala rafiki zake, ambapo aliuondoa mlima. Tangu miaka ya kati ya 1930 pembetatu zilijitegemea, miduara ikapita ndani yake, rangi ya barafu ikabaki ila barafu haikuwepo. Mwaka 1938 alihamia Santa Fe, New Mexico, akashirikiana na Raymond Jonson, Emil Bisttram na wengine kuunda kundi la wachoraji waliotafuta sanaa ya kiroho isiyoiga vitu.

Wengi waliopenda milima yake hawakumfuata huko. Walisema amepoteza nchi yake. Naona walikosea kidogo. Ukiweka tablo ya dhahania ya mwaka 1937 kando ya Mount Lefroy, utaona mifupa ileile. Mlima ulikuwa umekwisha kuondoka mwaka 1930. Kilichobaki kuondolewa kilikuwa jina lake tu. Na kwa jicho la mtu anayeuliza habari za watu walioondolewa, kazi hizi za mwisho zina uaminifu fulani ambao za kwanza hazina. Pembetatu isiyo na jina haidai kwamba ni Kanada, na haimwambii mtu yeyote kwamba bonde lake lilikuwa tupu.

Vita vya pili vya dunia vilimrudisha Kanada mwaka 1940, kwa kuwa sheria za fedha zilimzuia kuutumia urithi wake nje ya nchi. Alikaa Vancouver hadi mwisho. Mzee aliyependa upweke mlimani alikuwa mjini mtu wa vikao. Kuanzia 1944 hadi 1947 aliongoza shirikisho la wachoraji wa Kanada, baadaye akawa miongoni mwa wadhamini wa Jumba la Taifa la Sanaa la Ottawa. Nyumbani kwake vijana walialikwa kusikiliza santuri. Carr alipofariki mwaka 1945, Harris alikuwa mmoja wa walioachiwa dhamana ya tablo zake, na kazi hizo zikabaki katika jumba la sanaa la Vancouver ambapo umma unaziona. Mwaka 1963 Jumba la Taifa lilionyesha kazi ya maisha yake yote.

Bess alifariki mwaka 1969. Lawren Harris alifariki tarehe 29 Januari 1970. Mwezi Novemba 2016, katika mnada mjini Toronto, tablo yake ya mwaka 1926, Maumbo ya Mlima, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 11 za Kanada. Mtu aliyefuta sahihi yake ili jina lisimtishe mtazamaji, jina lake ndilo lililolipiwa.

Sisemi Harris asingeondoa. Bila kuondoa hakuna umbo, na bila umbo hatungeona kwamba nyumba za Glace Bay na vilele vya Rocky vimejengwa kwa mstari mmoja. Sarufi ya Kiswahili iliyobeba kila kikohozi cha kila msemaji isingekuwa sarufi. Lakini kuna kuondoa ambako msomaji bado anajua nani alikuwa ndani, kama katika nyumba za wachimbaji, na kuna kuondoa kunakomfanya asahau kwamba kulikuwa na mtu. Sisi tunaorekodi lugha za vijiji vyetu, kisha tunarudi mjini na kuandika mifano yenye namba badala ya wasemaji, tunazifanya kazi hizo mbili kwa kalamu ileile, na mara nyingi hatuangalii ni ipi tunayoifanya.

Harris na Bess wamezikwa Kleinburg, kaskazini mwa Toronto, katika uwanja wa jumba la sanaa la McMichael. Ndilo jumba linalotunza tablo ya Mount Lefroy.